0.375 ni ngapi kwa sehemu?

Huku chuo presha tu, mazoezi ya kufundisha yamekaribia.

Juzi mwenzangu wa chumba kasema kugeuza desimali kuwa sehemu ni dakika mbili: hesabu tarakimu baada ya nukta, sifuri zake weka chini, rahisisha, basi. Sawa, lakini mtoto akiuliza kwa nini chini kuna 1000, utamjibu nini?

Mimi nitaanza na nafasi. 0.375 ni 3/10, jumlisha 7/100, jumlisha 5/1000. Jumla yake 375/1000. KKS ya kiasi na asili ni 125, kwa hiyo inabaki 3/8. Asiyeiona 125 agawe kwa 5 mara tatu, atafika palepale.

Sasa njoo kwenye 0.333... isiyokoma. Utahesabu tarakimu ngapi? Iite x. 10x ni 3.333..., toa x, inabaki 9x = 3. Basi x ni 1/3.

Hapo ndipo aliyekariri anakwama na aliyeelewa anasonga. Ndiyo maana kwangu lile swali la "kwa nini" halirukwi, hata kipindi kikiisha. Wenzangu wa hesabu, nyie mtaanzia wapi?