Walisema ni Chirwa

Kwetu Msambweni, mtoto akivimba miguu na nywele zikawa nyekundu na nyepesi, wako watakaosema ana chirwa. Wanamaanisha mzazi mmoja ametoka nje ya ndoa, na anayenyoshewa kidole mara nyingi ni mama. Dada yangu alinyoshewa. Mumewe alikuwa kazini Mombasa, naye ana mimba ya pili, basi maneno yakapata pa kushika. Mtoto akapelekwa kwa mganga, akarudishwa, akapelekwa tena. Ndoa ilivunjika kabla mtoto hajafika hospitali.

Mimi nilikuwa sekondari, nikawa nampokea dada zamu wodini. Muuguzi alimbonyeza mtoto miguu yote miwili kwa vidole gumba, akasubiri kidogo, akaachia. Mashimo yakabaki pale pale kwenye ngozi. Kisha akatukataza kumpa mayai na supu tuliyobeba. Mamangu aliumia sana: mtoto wa njaa hunyimwaje chakula? Alipewa maziwa maalumu mepesi, kidogo kidogo, usiku na mchana. Chuoni ndiko nilikoelewa sababu. Mwili uliodhoofika vile ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya damuni huvurugika na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana maziwa ya kuanzia, F-75, yana kalori 75 tu katika kila mililita 100. Yale mazito ya F-100 hungoja hamu ya kula irudi na uvimbe uanze kushuka. Alhamdulillahi, mtoto alipona.

Nilipoitwa Chuo Kikuu cha Kenyatta kusomea chakula na lishe, jirani aliuliza kama naenda Nairobi kujifunza kupika. Sikumjibu. Karo ilitoka kwenye mkopo wa HELB, na nyingine kwa mamangu, aliyekuwa akifua mashuka hotelini Diani. Machi 2020 korona ikafunga vyuo, hoteli za pwani nazo zikafunga milango, mamangu akarudi nyumbani bila mshahara. Tukakaanga mahamri tukauza, hela ya bando ikatoka humo, nami nikafuata masomo ya baiokemia kwa simu, chini ya mwembe ambako mtandao ulishika. Jioni nyingine tulikula sima kwa mchunga, basi. Nilijua hasa kilichopungua katika sahani ile, na kujua kwangu hakukuongeza kitu sahanini. Hilo lilinitesa kuliko karo. Niliwahi kufikiri niache, nitafute kazi ya ndani Mombasa. Mamangu ndiye aliyekataa.

Nguvu niliipata kwenye somo lenyewe. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliandika mwaka 1933 juu ya watoto wa Gold Coast, Ghana ya leo, waliokuwa wakilishwa zaidi mahindi, wakavimba na ngozi kubambuka. Nilisoma nikalia, maana ndivyo alivyokuwa mwana wa dada yangu: aliachishwa ziwa mara mimba ilipoonekana, akabaki na uji mweupe na chai ya rangi. Wanasayansi hadi leo hawajamaliza kueleza kwa nini mtoto mmoja huvimba na mwenzake hukonda tu. Lakini katika yote niliyosoma hakuna aliyetaja zinaa. Usiku ule nilimpigia dada, nikamweleza yote kwa Kidigo. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwambie na mavyaa yangu."

Nilimwambia, ingawa ndoa haikurudi.

Sasa, baada ya kuhitimu, nazunguka vijijini na utepe wa kupima mkono. Mtoto wa kati ya miezi 6 na 59 ambaye mzunguko wa mkono wake uko chini ya sentimita 11.5 huingia rangi nyekundu, na huyo simwachi alale nyumbani bila kumwandikia barua ya hospitali. Kabla sijaandika huomba bibi wa mtoto aitwe, akae karibu na mkaza mwanawe, asikie kwa masikio yake kwamba tunazungumza chakula na maradhi, si mwenendo wa mtu. Wako wanaoondoka wamenuna. Wengine husogeza kigoda wakaanza kuuliza: dagaa watwangwe na vichwa? Nazi itiwe uji ukiwa jikoni au ukishaepuliwa? Hapo kazi huchukua asubuhi nzima, nami naifurahia kila dakika.