Kwa Mpwa Aliyeko Wete, Kuhusu Taimingi ya Vespa

Mjomba anamwandikia mpwa wake kutoka Chake Chake kwa sababu ya habari iliyomfikia, kwamba vespa ya marehemu babu imeondolewa platini, yaani vile vidomo viwili vya chuma vilivyokuwa vikikata umeme ili cheche iruke kwenye plagi, ikatiwa mfumo wa elektroniki, na kwamba taimingi yake, ambayo ni kiasi cha kuwahi kwa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa, imewekwa kwa kusikiliza mlio tu.

Kubadilisha si kosa. Platini huliwa na cheche, nafasi kati ya vidomo, ambayo huwa karibu milimita 0.4, hupotea, na taimingi husogea nayo. Elektroniki haina cha kusagika hapo. Mjomba huyu aliweka platini kwa karatasi ya sigara, akiibana kati ya vidomo na kuzungusha magneto, lile gurudumu linalozalisha umeme wa injini, taratibu mpaka karatasi iachie, na hakuna fundi wa Chake Chake aliyemkosoa, ingawa mpwa alipoitwa kujifunza aliona bora mafundi wa Wete. Lakini ufundi huo haufai tena, kwa kuwa kihisi cha elektroniki hutoa ishara pale tu magneto inapozunguka, hivyo karatasi haina cha kupima, na sikio ndilo la kuaminiwa kidogo kuliko vyote.

Mpwa alikuwa mdogo jirani mmoja alipofanya hivyohivyo. Vespa yake ilikuwa PX150, ambayo katika muundo wa elektroniki hutaka cheche nyuzi 18 za mzunguko kabla ya kilele cha pistoni, ilhali vespa ya P200E hutaka 23, naye akalizungusha bamba la koili, lililobeba kihisi, kinyume cha mwendo wa magneto, jambo ambalo huiwahisha cheche, mpaka mlio ukampendeza. Mjini ilikwenda vizuri, na aliyemwonya aliambiwa ana kijicho. Alipopakia abiria na gunia la karafuu akapanda vilima vya kuelekea Mkoani, mchanganyiko wa petroli ukawa unawaka na kushindana na pistoni ambayo bado inapanda, joto likajikusanya kichwani mwake, na aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ikatoboka. Akalaumu oili, akanunua pistoni nyingine bila kuligusa bamba, nayo ikatoboka vilevile, na fedha za msimu mzima wa karafuu zikaishia humo.

Ikumbukwe kwamba injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, nyuzi tano hupita kwa sehemu ya sita ya elfu moja ya sekunde, na hakuna sikio la kuzipima. Kinachotakiwa ni kukitafuta kilele halisi cha pistoni, kuchora alama ya nyuzi kwenye magneto kulingana na kitabu cha injini hiyohiyo, kisha kuwasha injini na kuimulika kwa taa ya taimingi, ambayo humweka kila cheche inaporuka na kuifanya alama ionekane imesimama. Mpwa aimulike ikizunguka taratibu na ikizunguka kasi, kwa sababu mifumo mingine huisogeza cheche kadiri kasi inavyobadilika. Cheche ikiwahi kupita kiasi, bamba lizungushwe kufuata mwendo wa magneto, na skurubu zikazwe kabla ya kumulika tena.

Oili ya kuchanganywa na petroli ipimwe, isikisiwe. Waya wa ardhi usafishwe. Vespa isiazimwe, hata kwa marafiki.

Inasemekana pia kwamba mpwa amekusudia kwenda nayo Mkoani baada ya Idi, akiwa na abiria. Safari hiyo isifanyike kabla injini haijamulikwa. Taa ipo Chake Chake, na mpwa anaombwa ailete vespa ikiwa imepakiwa garini.