Mjomba, Ashes Imepitwa

Melbourne, Januari 2025

Mjomba,

Natumai goti limepoa na dawa unakunywa bila kukumbushwa. Huku sote wazima, ila joto linatukaanga mchana na usiku baridi inarudi ghafla, hujui uvae nini. Uliniambia nikuandikie habari za Melbourne, na najua hukuwa na maana ya maghorofa wala bei ya mkate. Unataka kriketi. Basi naanza na neno litakalokukera: Ashes, ule mfululizo wa Australia na England, imepitwa. Upinzani mkubwa wa mechi za Test, zile za siku tano, leo ni wa India na Australia.

Usiitupe barua kwanza. Uzee wa Ashes siubishi. Hapa hapa Melbourne ndipo Australia na England walipocheza mechi ya kwanza ya Test, Machi 1877, na sanamu za wachezaji wa kale zimeuzunguka uwanja mzima, Bradman akiwa mmoja wao. Lakini tazama nani anamshinda nani, na wapi. Mpaka Januari hii ya 2025 England haijashinda hata mechi moja ya Test katika ardhi ya Australia tangu Januari 2011. Australia nayo haijashinda mfululizo wa Ashes kule Uingereza tangu 2001. Mara mbili zilizopita imetoka sare na kurudi na kombe kwa sababu ndiyo iliyokuwa nalo. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na Ashes ya siku hizi ni methali hiyo iliyovalishwa nguo nyeupe.

India ndio waliokuja kuwika mjini. Walianza kutembelea Australia mwaka 1947, wakapigwa, wakarudi, wakapigwa tena, kizazi baada ya kizazi. Ndipo msimu wa 2018-19 Cheteshwar Pujara akasimama kwenye wiketi siku nzima nzima bila haraka yoyote, akakusanya mikimbio 521, na India wakashinda mfululizo hapa kwa mara ya kwanza katika historia yao. Watu wakasema ni bahati, Smith na Warner wa Australia walikuwa wamefungiwa. Haya, tuwape hiyo.

Hebu nieleze basi ule wa 2020-21. Adelaide, Desemba, India nzima inatolewa kwa mikimbio 36, zamu ndogo kuliko zote walizowahi kucheza. Nahodha wao Kohli anarudi nyumbani, mkewe anakaribia kujifungua. Warushaji wanaumia mmoja baada ya mwingine. Mohammed Siraj anafiwa na babake akiwa huku, anaamua kubaki, na kule Sydney kuna watazamaji wanamtolea matusi mpaka mchezo unasimamishwa. Uwanja huo huo wa Sydney, siku ya mwisho, Hanuma Vihari ana msuli wa paja uliochanika, Ashwin ana mgongo usioinama, na wawili hao wanasimama ova zaidi ya 40 mpaka mechi inakwisha sare. Kisha Brisbane, kwenye uwanja wa Gabba ambako Australia ilikuwa haijafungwa tangu 1988, na kikosi ambacho nusu yake hata Wahindi wenyewe hawakuitarajia. Siraj anachukua wiketi 5. Wanatakiwa wapate mikimbio 328, na Rishabh Pant anaichukua kazi hiyo mikononi, hatoki, 89, na India wanashinda tena. Mfululizo wa Ashes uliofanana na huo katika miaka hii 20 ni ule wa 2005 peke yake, na ule, Mjomba, ulichezwa Uingereza, na aliyeshinda ni mwenyeji.

Mimi, unajua, humshabikia aliye ugenini. Kwa hiyo tarehe 26 Desemba, India walipokuwa wageni wa Australia hapa Melbourne, nilikuwa juu huko kwenye jukwaa la Shane Warne, kofia pana, mafuta ya jua mpaka masikioni. Tulikuwa watu 87,242 siku hiyo. Robo ya njia kutoka kituo cha treni nilifuatana na ngoma za dhol na bendera za rangi tatu, na kama isingekuwa harufu ya pai za nyama ungedhani uko Mumbai. Kwa siku zote tano waliingia watu 373,691. Rekodi ya mechi ya Test uwanjani hapo ilikuwa 350,534, imekaa tangu Januari 1937, ilipowekwa na Ashes, Bradman akiwa nahodha. Sasa imeondolewa, na walioiondoa hawakuwa Waingereza.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya mtoto. Sam Konstas wa Australia, miaka 19, mechi yake ya kwanza, anamkabili Jasprit Bumrah wa India, mrushaji ambaye kwa macho yangu hana wa kulinganishwa naye duniani leo. Hatua zake ni fupi, karibu anatembea, mkono umenyooka moja kwa moja, na mpira unatoka pembeni ambako mpigaji hakutegemea. Ova za mwanzo Konstas alipapasa hewa tu. Halafu akageuza gongo, akaubinua mpira nyuma yake, juu ya vichwa vya wadakaji, ukakimbilia kwenye kamba. Akarudia. Mmoja ukavuka kamba bila kugusa nyasi. Bumrah alikuwa hajapigwa sita katika mechi ya Test tangu Januari 2021! Pale nilipokaa watu walisimama wakatazamana, hata waliovaa buluu ya India. Mtoto alitoka na 60. Kohli, aliyekuwa akipishana naye kati ya ova, alimpiga kumbo la bega na akatozwa faini ya asilimia 20 ya malipo yake ya mechi. Ingekuwa mimi ningemtoza zaidi. Mtu wa miaka 36, mwenye kila kitu, anatafuta nini kwenye bega la mtoto? Jibu zuri lilikuwa la Bumrah: zamu ya pili alimvunjia Konstas vijiti akiwa na 8, kisha akapandisha mikono kuwachochea watazamaji wapige kelele, vile vile kama mtoto alivyofanya.

Karibu yangu alikaa mzee mmoja na wajukuu wake. Nilipokuwa nikimpigia mama simu, alinigeukia akasema, "Wewe ni wa Mombasa. Hiyo lafudhi haijifichi." Mgujarati wa Kisumu, ametoka huko zamani, Kiswahili chake bado ni cha sokoni, kikavu na cha haraka. Wajukuu, waliozaliwa hapa na wanaozungumza Kiingereza cha hapa, walikuwa wamevaa buluu ya India kutoka kofia hadi soksi. Yeye mwenyewe alikuwa na kofia ya kijani ya Australia. Nikamwuliza, imekuwaje mzee? Akasema, "Hawa walinipa kazi nikiwa sina kitu. India mimi nimekwenda mara moja, kwa harusi." Kisha akanipa kachori. Wajukuu wakamzomea, akacheka. Nimekaa nikiliwaza hilo jambo. Magazeti ya hapa hupenda kuuliza kijana aliyezaliwa Melbourne kwa nini anaishangilia India. Hakuna anayemwuliza kijana wa asili ya Kiingereza kwa nini babu yake alikuwa akiishangilia England.

Siku ya tatu nilimwona Nitish Kumar Reddy, miaka 21, anaingia India ikiwa taabani, wiketi 6 zimeanguka kwa 191. Aliongeza 127 na Washington Sundar. Alipofika 99 akabaki na Siraj tu, na Siraj, Mungu amsaidie, si mpigaji. Siraj alikuwa na mipira 3 ya Cummins, mrushaji wa Australia, ya kuvumilia. Kila alipozuia mpira uwanja uliunguruma kama amefunga bao fainali. Ova iliyofuata Reddy akampiga Boland juu, nne, akafikisha mia yake ya kwanza, akapiga goti na kusimika gongo ardhini, akalivisha kofia. Kwenye skrini kubwa wakamwonyesha babake analia, yule aliyeacha kazi ili mwanawe acheze. Mzee wa Kisumu akavua kofia yake ya kijani.

Siku ya tano ndiyo wanayogombania mpaka leo kwenye tramu. India walikuwa wanatafuta 340, na baada ya chai bado walikuwa na nafasi ya sare. Pant, aliyekuwa ametulia kwa zaidi ya mipira 100, akaona mpira wa Travis Head, ambaye hata si mrushaji wa kazi, akaupandisha juu. Marsh akaudaka. Pale ndipo mechi ilipokufa, na nakuomba usimsikilize atakayekuambia ni kwa kutolewa kwa Jaiswal, mpigaji mwenzake. Wiketi 7 za mwisho zilianguka kwa mikimbio 34. Jaiswal alikuwa na 84 alipojaribu kuuvuta mpira mfupi wa Cummins na Carey akaudaka nyuma. Mwamuzi wa uwanjani alisema hajatoka. Cummins akaomba marudio. Tuliona wote mpira ukibadili njia karibu na glavu, ila ule mstari wa skrini unaoonyesha sauti ya mguso haukutikisika hata kidogo. Mwamuzi wa tatu, Sharfuddoula wa Bangladesh, akaamini macho yake. Buluu yote ikazomea, "Wezi! Wezi!" Mjukuu mmoja akasema haikugusa. Babu akasema imegusa. Mimi naona imegusa, nimeangalia tena na tena, ingawa nilikuwa naitakia India mema. Australia wakashinda kwa 184.

Kuhusu mechi ya mwisho, ya Sydney, sina mengi ya kusema. Bumrah aliumia mgongo, hakuweza kurusha katika zamu ya mwisho, na bila yeye hapakuwa na mchezo. Alimaliza na wiketi 32 katika mechi tano. Australia wakatwaa kombe la mfululizo huu, Border-Gavaskar, 3-1, kombe walilokuwa hawajalishinda kwa miaka kumi.

Sasa sikia kilichoninyima furaha. Magazeti ya wiki hii yanasema wakubwa wa India, Australia na England wanapanga kuzigawa mechi za Test katika madaraja mawili, ili wao wakutane mara nyingi zaidi. Watazamaji 373,691 ndiyo hoja yao, na mimi nilikuwa mmoja wao. Wewe na mimi tunajua mlango ukifungwa unavyosikika. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na siku chache kabla yake, Durban, Aasif Karim wetu wa Mombasa, miaka 39, aliwarushia Australia ova 8.2, akatoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3, mojawapo ya Ponting. Hadhi ya Test hatukuipata mwaka ule wala baadaye.

Na ungeniuliza wewe, mpenzi wa West Indies, ningekuambia Januari mwaka jana, Gabba ile ile, Shamar Joseph, kijana wa Guyana aliyekuwa mlinzi kabla ya kriketi, alirusha akiwa na kidole cha mguu kilichoumizwa na mpira wa Starc wa Australia, akachukua wiketi 7, na West Indies wakashinda kwa mikimbio 8. Walikuwa hawajashinda Test hapa tangu 1997. Mfululizo wao ulipewa mechi 2. India walipewa 5.

Nijibu, hata kama ni kwa kunitukana. Wasalimie nyumbani wote.

Mpwa wako