Namba ya nyumba iko kwa mzazi

Orodha ya darasa letu la kompyuta hapa kambini tumeiweka kwenye faili la XML. Kila familia ni elementi inayoitwa "kaya", na sifa yake ni namba ya nyumba: namba="14". Ndani ya kaya wamo "mtu" na "mtu". Hao hawana namba. Sasa binti akikosa masomo wiki nzima, tumfuate wapi?

Tunapanda kwa mzazi. Kwenye Java, mtu.getParentNode() inatuletea mzazi, ila kama Node tu, na Node haijui getAttribute. Lazima tuitaje kuwa ni Element:

((Element) mtu.getParentNode()).getAttribute("namba")

Hapo ndo 14 inatoka.

Ila jamani, muwe macho. Kaya isiyo na namba hairudishi null, inarudisha maandishi matupu, "". Programu haipigi kelele hata kidogo, na mtoto anaonekana kama hana kwao. Ndo maana sisi tunauliza kwanza hasAttribute("namba"). Jibu likiwa false, jina tunaliandika pembeni, na jioni tunapita kwa miguu, mlango kwa mlango, kuuliza.