Baba ya Majani

Hapa Kolwezi mtu akiona mahindi yake yamekuwa manjano, neno la kwanza kinywani ni mgodi. Simlaumu. Vumbi la malori ya madini linatua hata juu ya sombe, majani ya mihogo tunayokula. Lakini kazi yangu, tangu Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, ilipokuwa kila kitu mjini hapa mpaka Lualaba ikawa mkoa mwaka 2015 na baadaye, ilikuwa kuingia shambani na lenzi na daftari, nikaseme umanjano umetoka wapi.

Shaba ikizidi ardhini, mmea hukosa chuma. Jani changa hupauka kati ya mishipa, kwa mistari mirefu isiyokatika, na kipande kizima cha shamba huugua pamoja. Ugonjwa wa milia, unaoletwa na virusi, una tabia nyingine. Huanza na vitone vyeupe, vinaungana vikawa mistari iliyokatikakatika. Tena majani yaliyofunguka kabla ya mmea kuambukizwa hubaki mabichi kabisa. Unahesabu toka chini: kijani, kijani, kijani, halafu ghafla milia hadi juu. Ukijua mahindi yalipandwa lini, unajua takriban wiki ambayo ugonjwa uliingia. Na mmea wa pembeni, hatua mbili tu, mzima.

Upande wa barabara ya Likasi mama mmoja alinishika mkono. "Baba, andika kama ni kampuni. Magonjwa hailipake feza." Alisema kweli, ugonjwa haujawahi kumlipa mtu fidia. Shamba lake lilikuwa na yote mawili: kipande cha chini, maji ya mvua yanakotuama, kilikuwa na dalili za shaba, na ukingo uliopakana na dembo, bonde la nyasi, ulikuwa na milia. Nikaandika hivyo. Mama akanuna. Watu wa kampuni nao wakanuna, maana walitaka yote yaitwe ugonjwa. Ripoti za namna hiyo hazimpi mtu marafiki, lakini sikuona nyingine ya kuandika.

Ukingo ule ndio ulionipa jina la Baba ya Majani, kwa sababu nilikuwa naanza ukaguzi nje ya shamba, nimepiga magoti kwenye nyasi, watoto wakicheka. Mahindi ni mgeni Afrika, yalikuja kutoka Amerika. Virusi hivi ni wenyeji, vilikuwa vikiishi kwenye nyasi zetu kabla punje ya kwanza ya mahindi haijafika, na hadi leo aina zake nyingi hubaki humohumo kwenye nyasi. Ile inayoyaangamiza mahindi ni moja, na uchunguzi wa vinasaba unaonyesha ilizaliwa kwa mchanganyiko wa virusi vya nyasi. Mimi nilitazama hasa nyasi za Digitaria, Setaria na Eleusine. Milia ya kwenye nyasi mara nyingi ni hafifu. Mpita njia haioni.

Anayebeba ugonjwa hasa ni kidudu chembamba cha milimita chache, Cicadulina mbila, kinachofyonza utomvu na kuruka ukigusa jani. H. H. Storey, mtafiti aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, alionyesha miaka ya 1930 kwamba si kila kidudu kina uwezo wa kuambukiza, na kwamba uwezo huo hurithiwa. Akachukua wale wasioweza, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba, na wakaanza kuambukiza. Nikifikiria udogo wa kile kidudu, bado nastaajabia mkono wa mtu yule. Kidudu kikishapata virusi hukaa navyo karibu maisha yake yote, ila hakiviachii mayai. Mbegu ya mahindi nayo haivipitishi.

Basi virusi vinavukaje kiangazi? Kuanzia Mei nyasi za vilimani hukauka, mara nyingi huungua kwa moto, na vidudu hukimbilia dembo, mahali penye unyevu na kijani. Humohumo watu wa mjini siku hizi wanalima mahindi ya kuchoma, yanayopata bei nzuri mwezi wa Septemba. Mvua zikianza, vidudu viko tayari, na shamba la jirani lililochelewa kupandwa hupokea mzigo wote likiwa changa. Mmea ukiambukizwa mdogo, gunzi huwa dogo kama kibiriti au hakuna kabisa.

Zipo mbegu zinazostahimili milia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha IITA, Ibadan, kilizalisha nyingi na zikaenea Afrika. Hata hivyo wengi hapa hupanda mbegu ya akiba au ya sokoni, na simwoni mtu wa kuwalaumu wakati mfuko wa unga wa bukari, ugali wetu, mara nyingi unapanda bei.

Kwa nyinyi vijana mnaosomea kilimo hapa Kolwezi: mkiitwa shambani, andikeni na nyasi za ukingoni, majina yake na hali yake. Na anayelima dembo kiangazi, ayang'oe mahindi yake kabla mvua hazijaanza, jirani yake apone.