Wastani Unaoficha

Sisi tunaotunza seva tunaijua shida hii: toleo jipya la mfumo linawekwa, hakuna kinachoanguka, hakuna onyo, lakini kazi zinakwenda polepole kuliko jana. Hapo hatumnyooshei mtu kidole, tunapima. Kati ya toleo la zamani na hili jipya huenda kuna mabadiliko 1,000. Tunajaribu la katikati, tunaacha nusu isiyo na kosa, tunagawa tena. Kwa majaribio kama 10 tunalifikia badiliko lenyewe.

Lakini yako makosa yaliyokaa miaka mingi hata yakazoeleka. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kosa la namna hiyo katika Linux, kwenye sehemu ya keneli inayozigawia programu zamu za kutumia viini vya prosesa. Viini vilikuwa katika makundi, na makundi yalilinganishwa kwa wastani wa mzigo. Kiini kimoja chenye programu nzito kilipandisha wastani wa kundi lake lote, ingawa wenzake walikaa bure. Kundi likaonekana limeelemewa, halikuongezewa kazi, na kwingineko programu zikazidi kupanga foleni. Watafiti walipoacha wastani, wakatazama kiini chenye mzigo mdogo kabisa katika kila kundi, kazi iliyokuwa ikicheleweshwa ilimalizika kwa muda pungufu kwa 13%. Programu nzito hazikupoteza chochote.

Hapo tunauona usharika wetu. Mama mmoja anafundisha Shule ya Jumapili, anaongoza kwaya, tena ndiye anayekwenda kwa wagonjwa. Taarifa ya mwaka inasomwa, tunapiga makofi. Wastani ni mzuri. Lakini mama amechoka, vijana wa benchi la nyuma hawajaulizwa wanaweza nini, na mjane wa mtaa wa pili bado anasubiri mtu wa kumpigia hodi.

Bwana Yesu alisimulia juu ya mwenye shamba aliyerudi sokoni hata saa kumi na moja. Wafanyakazi alikuwa nao tayari, lakini aliwaendea waliosimama bila kazi kwa kuwa hakuna aliyewaajiri.

Wapendwa, tusiridhike na jumla. Jumapili hii tumtafute mmoja asiyepewa kazi na mmoja anayesubiri, tuwakutanishe. Mungu atupe macho ya kuwaona.