Kicheko cha Unene

Kichekesho ni mchezo uliozoeleka majukwaani Tanzania tangu zama za ukoloni. Hila yake moja kongwe ni mwanamume kuvaa gauni, kujitia matambara kiunoni, na kuigiza mwanamke mnene. Watu hucheka kabla hajanena neno.

Yafaa kuuliza kicheko hicho humwangukia nani. Kando ya Ziwa Victoria uzito wa mwanamke si mzaha. Ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza, mkoani Kagera, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walijulikana mwaka 1983, na tangu hapo wembamba ukaogopwa kama sanda. Aliyekonda alinong'onwa, aliyenenepa alipongezwa. Leo huyo aliyepongezwa huonywa na daktari juu ya kisukari na shinikizo la damu. Nyumbani ahimizwa kula, hospitali akatazwa.

Mtazame mwanamke auzaye samaki Mwaloni, Kirumba. Minofu ya sangara husafirishwa Ulaya. Mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyosalia, hukaangwa na kuuzwa kwa wenye kipato kidogo. Basi chakula chake huchaguliwa na soko, na mwili wake huhukumiwa na jirani.

Laiti angepanda jukwaani yeye mwenyewe, bila matambara, akaziigiza ndimi mbili zimvutazo, mmoja ukisema nenepa, wa pili ukisema konda! Watazamaji wangecheka vilevile, ila kila mmoja angeutambua ulimi wake. Kicheko hicho hakiumizi, kwa kuwa achekaye na achekwaye hula sahani moja.